Furaha ya Mtoto Haiamrishwi

Kila ifikapo likizo ya Juni na ile ya Desemba, wazazi wengi wa mkoa wetu wa Mara na wa visiwa vya jirani huwachukua watoto wao kwenda kutembea. Wa Ukerewe huvuka kwa pantoni kutoka Rugezi hadi Kisorya na kushika njia ya Bunda. Wa Rukuba hushukia Musoma. Wengine huelekea lango la Ndabaka kuingia Hifadhi ya Serengeti, wengine Butiama kulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yaliyofunguliwa huko mwaka 1999. Hilo ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono.

Linalotutia mashaka ni desturi inayozidi kuota mizizi ya kumlazimisha mtoto afurahi. Akinuna, akisinzia garini, au akitamka kwamba anataka kurudi nyumbani, huambiwa hana shukrani. Huhesabiwa nauli, kiingilio, hata soda aliyokunywa. Kisha husimamishwa mbele ya simu na kuamriwa atabasamu, ili shangazi na wajomba walioko mbali waone kwamba safari imefana.

Tunauelewa uchungu wa mzazi huyo. Fedha ile ni jasho la dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, katikati ya ziwa, kwa taa na baridi. Lakini mtoto hakuikopa fedha hiyo, wala furaha yake si marejesho ya mkopo.

Tuchukue mfano wa Serengeti. Mtoto ameahidiwa kuona nyumbu maelfu kwa maelfu. Makundi hayo hupita upande wa magharibi, karibu na mto Grumeti, yapata mwezi Mei hadi Julai. Ifikapo Desemba huwa yamekwisha kurejea nyanda za kusini. Familia inayopitia Ndabaka wakati wa Krismasi yaweza kuzunguka nusu siku ikaambulia nyani, swala na vumbi jingi. (Nyumbu hawafuati kalenda ya shule.) Mtoto akisema hakuona alichoahidiwa, amesema kweli. Kumshurutisha atamke kwamba amefurahi sana ni kumfundisha uongo, na mwalimu wa somo hilo ni mzazi wake mwenyewe.

Butiama mambo ni tofauti kidogo. Mbele ya kaburi, mzazi ana haki kamili ya kumtaka mtoto avue kofia, ashushe sauti na asikimbie-kimbie. Adabu huamrishwa. Raha haiamrishwi. Mtoto wa miaka sita hawezi kudaiwa aone utamu wa nyaraka zilizomo kabatini. Huenda kilichomvutia siku ile ni miamba ya Mwitongo tu, naye aachwe aitazame mpaka atosheke.

Kwa watoto wa visiwani liko jambo zito zaidi. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Zimo nyumba ambamo msiba ule ungali ukitajwa kwa sauti ya chini, na hata mtoto aliyezaliwa baadaye huusikia. Mtoto huyo anapotetemeka pantonini, hukaripiwa mbele ya abiria kwamba anawaaibisha wazazi na kuwaharibia likizo. Hofu yake ina asili. Dawa yake ni jaketi okozi linalomtosha mwilini na mkono wa mzazi begani.

Hapa ndipo tunapowageukia viongozi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitambua haki ya mtoto ya kutoa maoni, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unaitaja haki yake ya mapumziko na michezo. Maofisa elimu waanze na ziara za shule: wanafunzi waulizwe kabla ya kwenda, na insha wanazoandikishwa warudipo zisiwe za kusifu tu. Mwanafunzi aliyeandika kwamba alichoka na jua asipunguziwe alama. Wasimamizi wa vivuko nao wahakikishe kwamba majaketi ya kipimo cha watoto yapo, tena yapo mahali yanapoonekana, si ndani ya stoo iliyofungwa kwa kufuli. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ziulinde kila uwanja wa wazi ambamo watoto huchezea mpira bila kiingilio.

Wazazi wavuvi tunawakumbusha jambo moja. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa za dagaa hazifai kitu, na baba huwa yuko nyumbani usiku kwa siku kadhaa. Katika siku hizo amuulize mwanawe angependa wafanye nini pamoja. Wako watakaotaja Serengeti. Wako pia watakaotaka tu kufundishwa kupiga kasia, palepale pwani, maji yakiwa magotini.