Afya Uliyoiacha Jikoni kwa Mama

Ewe mwanafunzi, siku utakapohamia chumba cha kupanga Wandegeya, utatambua kwamba ulichokiita tabia yako njema kilikuwa kazi ya mama. Ndiye aliyemenya matoke, akachemsha maharage na maji ya kunywa, akakuhimiza ulale mapema. Sasa mlangoni pako yupo muuza roleksi, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, naye hukesha. Sikukatazi, hata mimi huila. Ila isiwe chakula chako asubuhi na usiku. Kabla ya kununua spika, nunua sufuria na jiko la makaa, nalo usilale nalo ndani, kwani hewa yake huua. Na kabla hujaondoka nyumbani, omba kupika mwezi mzima (wavulana, nawasemesha ninyi hasa), hata kama ndugu zako watalalamikia chumvi.