Mbwa Mpole na Adui Wake Mmoja



Nyumbani kwetu tuna mbwa aitwaye Simba. Jina lake ni kali kuliko tabia yake. Watoto humkumbatia, kuku hudonoa karibu na chakula chake, na mgeni akibisha hodi, yeye hutangulia kumpokea akitikisa mkia. Mbwa wa jirani huja kucheza naye kila jioni, kisha hulala pamoja chini ya mwembe.

Lakini miezi miwili iliyopita tulipatwa na jambo la kutushangaza. Mtu mmoja alipita njiani akiongoza kwa kamba mbwa mkubwa mwekundu, mwenye masikio ya kusimama. Simba alipomwona alikakamaa kama gogo, manyoya ya mgongoni yakasimama, akaruka ua na kumvamia yule mwenziwe. Mtoto wetu wa miaka 9 alikimbia kuwaamua, akatia mkono katikati. Meno yakampata, wala hatujui mpaka leo yalikuwa meno ya mbwa yupi.

Tulimwosha kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, tukampeleka hospitali siku ile ile, akaanza kuchomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Jioni, washauri walijaa uani kwetu. Mmoja alisema: «Mbwa huyu ana roho mbili, auawe.» Wa pili alisema apigwe fimbo mpaka ashike adabu. Wa tatu alinong’ona kwamba mwenye mbwa mwekundu amemfanyia dawa. Sisi tulijiuliza neno moja tu: kwa nini yule, wala si mbwa mwingine?

Tutafute basi sababu, maana asiyejua chanzo cha ugonjwa hawezi kuutibu.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kichaa. Mbwa mpole akibadilika ghafula, akawa mkali kwa kila mtu na kila kitu, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, sauti yake ikageuka, msimkaribie. Fungeni watoto nyumbani, kaiteni wenye mamlaka na mganga wa wanyama. Ugonjwa huo ukisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kidonda kikioshwa upesi na sindano zikitolewa mapema, mtu huokoka. Simba alikuwa amechanjwa. Yule mwekundu hakuwa amechanjwa. Iliagizwa wote wawili wachungwe siku 10. Siku zikapita, nao wakabaki wazima. Hapo moyo wetu ukatulia.

Tena kichaa hakichagui. Mbwa anayemchukia mmoja tu na kucheza na wengine, mara nyingi ana sababu yake. Tulipofikiri sana, mama wa nyumba alikumbuka. Simba alipokuwa mtoto bado, tulimpeleka sokoni, na mbwa mmoja mkubwa mwekundu, mlinzi wa meza ya nyama, alimkamata na kumrarua sikio. Kovu lipo hata leo. Sisi tulisahau, mwenye sikio hakusahau. Wazee walisema: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mbwa aliyepita njiani kwetu hakuwa yule wa sokoni, lakini rangi ilikuwa ile ile, na masikio yale yale.

Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona kwamba mbwa aliyezoea kusikia ishara fulani kabla ya kupewa chakula, huanza kutokwa na mate aisikiapo ishara hiyo, hata chakula hakijaja. Mwili wake umefunga vitu viwili pamoja. Ndivyo Simba naye alivyofunga pamoja rangi nyekundu na maumivu. Wala kule kuvamia hakukuwa ushujaa. Kulikuwa hofu iliyojivika ngozi ya ukali.

Lakini si kila ugomvi una kovu nyuma yake. Dume hushindana na dume, hasa pakiwapo jike lenye joto karibu. Jike lenye watoto hulinda watoto wake. Mbwa mwenye njaa hulinda mfupa. Mwingine anaumwa jino, sikio au nyonga, naye huogopa kuguswa na wenziwe wenye mchezo mwingi. Na mbwa aliye kambani akiogopa hawezi kukimbia. Njia anayobakiwa nayo ni kupigana. Kwa sababu hiyo mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa huzidi kuwa mkali, naye bwana wake hudhani amepata mlinzi hodari.

Kuna sababu nyingine, nayo huanza utotoni. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza malezi ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Walitumia mbwa wa aina 5, na aina moja ilikuwa Basenji, ambao asili yao ni hapa kwetu Kongo, wale wasiobweka kama wengine. Waliona kwamba tangu juma la 3 mpaka kama juma la 12 mtoto wa mbwa hujifunza upesi kuzoeana na mbwa wenziwe na watu pia. Katika michezo na ndugu zake hujifunza kuuma bila kuumiza, na kusoma ishara za mwenziwe. Anayenyang’anywa mama kabla ya juma la 8, kisha akafungiwa peke yake, hukua kama mtu asiyefundishwa salamu: akikutana na wengine hajui la kufanya.

Je, twaweza kujua kabla ugomvi haujazuka? Dalili ya mvua ni mawingu. Mwili hukaza, mdomo hufumba, macho hukodoa bila kupepesa, mkia husimama wima au hujificha kati ya miguu, kisha huja kunguruma. Wengi humpiga mbwa anapounguruma. Ni kosa. Kunguruma ni hodi yake. Ukimnyima kupiga hodi, kesho atauma kimya.

Nayo fimbo tuliiacha kwa sababu hiyo. Mbwa akipigwa kila amwonapo adui yake, atajifunza kwamba adui huyo huja pamoja na kipigo, na chuki itaongezeka. Sisi tulifuata njia nyingine, ambayo mganga wa wanyama alituonyesha. Kwanza, tuliinua ua. Pili, tulimwomba mwenye mbwa mwekundu atusaidie. Tulikwenda kwake na kuomba radhi, tukalipa dawa ya kidonda cha mbwa wake, naye akamchanja. Tangu hapo, kila jioni husimama na mbwa wake mbali sana, mahali ambapo Simba humwona bila kukakamaa. Hapo hapo Simba hupewa kipande kidogo cha samaki mkavu. Mwekundu akiondoka, samaki naye huisha. Juma likipita salama, twapunguza hatua chache. Simba akikakamaa, twarudi nyuma bila kelele wala kuvuta kamba kwa nguvu.

Nanyi watoto wa shule, mshike neno hili vizuri: mbwa wakipigana, msitie mkono wala mguu, hata kama mmoja ni rafiki yenu. Mbwa aliye vitani haangalii anamuuma nani. Iteni mtu mzima, naye awamwagie maji au apige sufuria kwa kishindo. Na mkiumwa, hata kama ni alama ndogo, msifiche kwa kuogopa kugombezwa. Semeni siku ile ile. Nanyi wazazi, msimgombeze mtoto aliyesema, maana kesho atanyamaza, na kunyamaza huko kwaweza kumwua.

Mtu atauliza kama Simba sasa ni rafiki wa mwekundu. Bado, na pengine hatakuwa kamwe. Mbwa hawalazimiki kupendana wote; yatosha kupitana njiani kwa amani. Lakini jioni ya jana mwekundu alipotokea kwenye kona, Simba alimtazama, akasita kidogo, kisha akatugeukia sisi akiangalia mfuko wa samaki. Mtoto wetu alikuwa amesimama karibu nasi, kovu lake mkononi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipomwona mbwa huyo.