Mnunuzi Mgeni Katika Mnada wa Mtandaoni: Tahadhari Bila Dhulma

Ndugu zetu wanaouza sarafu kongwe mnadani eBay, mathalani pesa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 Hijria, hulalamikia wanunuzi wapya: hushinda mnada, kisha kimya. Tangu 2008 muuzaji haruhusiwi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, kwa hiyo hata rekodi safi haithibitishi mengi. Basi kumfutia mtu dau kwa ugeni wake tu, tunaona ni dhana mbaya. Nani hakuanza na sifuri? Kifiqhi, muuzaji ana haki ya kuzuia bidhaa mpaka alipwe, na siku 4 zikipita bila malipo, eBay humruhusu kuvunja mauzo. Ama kumtuma rafiki apandishe dau asilokusudia kununua, ili ampiku mgeni, hiyo ni najshi, na Mtume (s.a.w.) ameikataza.