Samaki wa binti yangu waliuawa na maji safi

Juma hili naanza na msiba. Si msiba wa mtu, ni wa samaki sita wasiozidi urefu wa kidole. Najua kuna watakaocheka. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kuamshwa alfajiri na mtoto wa miaka tisa aliyesimama kando ya kitanda, mkononi ana kijiko cha chai na ndani ya kijiko mna samaki mfu, hatacheka.

Mambo yalikuwa hivi. Katika likizo ya Aprili mwaka wa 2024, kifunguamimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa Gredi ya Nne, alinikumbusha ahadi niliyompa kwamba akifanya vyema nitamnunulia samaki wa kufuga. Ahadi ni deni. Jumamosi tukaabiri matatu hadi katikati ya jiji, tukaingia duka moja ambalo jina lake nitalihifadhi, na kwa muda usiozidi saa moja tukatoka na tangi la kioo, pampu ndogo yenye sponji, mawe ya rangi ya samawati, mti wa plastiki na samaki sita ndani ya mkebe. Mwenye duka alituagiza tutie maji ya mfereji, tuwamwage samaki, basi. "Kazi imekwisha, mzee," aliniambia.

Jumatatu maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Jumanne samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wanatweta. Kufikia Alhamisi wanne walikuwa wamekufa. Nami, nikidhani uchafu ndio adui, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, nikaosha mawe na ile sponji chini ya mfereji mpaka ikatakata, kisha nikajaza maji mapya. Jumamosi asubuhi ndipo kijiko cha chai kilipoletwa. Hakusalia hata mmoja.

Hapo nikatenda jambo linaloniuma hadi leo kuliko pesa zilizopotea. Nilimwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyewaua kwa kuwalisha kupita kiasi. Nilikuwa nimemwona akiwatupia makombo ya mkate. Hakunijibu. Alikwenda akauficha mkebe wa chakula cha samaki chini ya kitanda chake, na kwa siku tatu hakuketi sebuleni.

Aliyeniokoa ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwalimu wa bayolojia ambaye amefuga samaki tangu akiwa chuoni. Alipopanda kuja kuazima ngazi akaliona tangi tupu, akauliza, nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Jirani, mtoto hana hatia. Hata angewalisha kwa mizani wangekufa. Wewe uliwatia katika nyumba isiyokuwa na choo."

Maelezo yake yalikuwa haya. Samaki huishi humo humo anamojisaidia. Isitoshe, kila anapopumua hutoa amonia kupitia mashavu yake, ile ile inayokuchoma pua uingiapo banda la kuku. Mtoni au ziwani amonia hiyo huenea katika maji mengi na kuondoka, lakini ndani ya tangi huwa inarundikana saa baada ya saa na kuyaunguza mashavu, ndiyo maana samaki hupanda juu kutafuta pumzi. Mkate unaooza huongeza amonia, ni kweli, lakini huongeza tu juu ya ile iliyokuwapo tayari.

Dawa ya asili ni bakteria. Kuna wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kuna wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na mimea huila kama mbolea. Bakteria hawa hawaelei sana majini. Wao hushika makao juu ya mchanga, mawe na hasa sponji ya pampu. Katika tangi jipya hawapo kabisa, na huwachukua majuma manne hadi sita kuzaana wakatosha. Na klorini inayotiwa katika maji ya mfereji ili sisi tusiugue huwaua pia. Kwa hivyo siku ile nilipoosha sponji nikijisifu kwa usafi, nilikuwa nikiwaangamiza wale wachache waliokuwa wameanza kazi.

Nilimuuliza Mwalimu iwapo hakuna njia ya mkato. Akacheka, akasema njia iliyo karibu na mkato ni kupanda mimea ya kweli, kwani mimea huinyonya amonia moja kwa moja na mchana hutoa oksijeni. Jambo hilo si geni. Robert Warington, mkemia wa jijini London, alilijaribu mwaka wa 1849 akatoa taarifa yake mwaka wa 1850: samaki wawili wa dhahabu, mchanga, mawe na mmea uitwao valisneria. Samaki waliishi, ila majani yaliyokufa yakaanza kuoza na kuchafua maji. Akatia konokono. Konokono wakala uozo, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Huyo bwana hakuwa na pampu wala stima.

Basi tukaanza upya, mara hii mimi, binti na Mwalimu. Tangi letu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54 likijaa hadi ukingoni. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza mchanga na kioo chenyewe, utapata mzigo wa karibu kilo 70, na mimi nilikuwa nimeuweka juu ya kijimeza cha redio! Fundi wa jua kali alinichomelea stendi ya chuma, tukaisawazisha kwa pima maji, tukatandika kipande chembamba cha sponji ili kioo kisibanwe upande mmoja kikapasuka. Tuliliweka mbali na dirisha, maana jua likilipiga, mwani wa kijani hutanda kila mahali. Waya za stima tuliziachia zining'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Wenye watoto wadogo walitilie hilo maanani.

Chini tulitandaza udongo wa kawaida wa shambani, kama sentimita tatu. Usiuchote kwenye bustani iliyotiwa samadi au mbolea ya dukani, utajiletea amonia ya kuua ng'ombe. Juu yake tukaweka mchanga wa mto, sentimita tatu nyingine, tuliokuwa tumeuosha katika karai mara kumi na moja (binti alihesabu) mpaka maji yakatoka maangavu. Kabla ya hapo Mwalimu aliudondoshea siki kidogo. Ukitoa povu, una chokaa, na chokaa huyafanya maji kuwa magumu. Ndiyo sababu mchanga mweupe wa pwani pamoja na makombe ambayo shemeji yangu aliyaleta kwa furaha kutoka Mombasa yamebaki rafuni kama mapambo.

Maji tuliyakinga katika ndoo, tukayaacha wazi siku nzima ili klorini ipae. Wanaotumia maji ya kisima wana shida nyingine, kwani visima vingi vya Nairobi vina madini mengi, hasa floridi. Wakati wa kujaza, weka sahani juu ya mchanga umiminie hapo polepole, la sivyo udongo utafumka na utakuwa umepika uji.

Sasa mimea. Mwanzoni panda mingi, na iwe ile ikuayo upesi. Tulipata valisneria, yenye majani marefu kama utepe, ambayo hujizalisha kwa kutambaa chini ya mchanga. Tukapata pia mmea mmoja usiokuwa na mizizi, laini kama mkia wa paka, ambao wataalamu huuita Ceratophyllum. Huu huelea tu, na kwa kunyonya uchafu hauna mfano. Wa tatu ulikuwa anubiasi, mzaliwa wa Afrika Magharibi na ya Kati, mgumu, mvivu wa kukua. Shina lake nene usilifukie mchangani, litaoza. Lifunge juu ya jiwe kwa uzi. Mitungi ya kaboni dayoksaidi na taa za bei ya kuvunja ndoa waachie wanaoshindana.

Nawaonya wanafunzi ambao tayari wanapanga kwenda kuchuma mimea mitoni. Konokono wa maji wa kule huweza kubeba kichocho, na mtu huambukizwa kwa kutia mkono au mguu tu katika maji yenye vijidudu hivyo. Nunua mimea, au omba kwa aliye na tangi. Na gugu-maji usiliingize nyumbani hata likikupendeza. Asili yake ni Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Tangu lilipoingia Ziwa Victoria karibu mwaka wa 1990, wavuvi wetu wamekuwa wakililipia. Mimea yoyote unayoipunguza tangini, ianike ikauke kabisa kabla ya kuitupa, wala usiimwage kwenye mtaro au mto.

Katika juma la kwanza nusu ya majani ya anubiasi yaligeuka manjano yakaoza. Nilitaka kuing'oa. Mwalimu akanieleza kwamba mimea mingi ya kuuza hukuzwa nje ya maji, na ikizamishwa hutupa majani ya zamani ili itoe mapya. Tuliondoa yaliyooza tukangoja. Maji yakawa meupe tena siku ya tatu, moyo ukanidunda. Tukangoja. Mwalimu alikuwa ametukatia kipande cha sponji chafu kutoka tangi lake, tukakiweka kwenye pampu yetu kama mtu anavyoomba hamira kwa jirani, na kila siku binti alitia chembe chache za chakula ingawa hapakuwa na samaki, ili bakteria wapate cha kula.

Lakini ili afanye hivyo, ilibidi mkebe utoke chini ya kitanda. Nilikwenda chumbani kwake jioni moja nikaketi sakafuni. Nikamwambia kwamba niliyemlaumu ni yeye lakini aliyekosa ni mimi, na kwamba sikujua. Si rahisi kwa baba wa Kiafrika, nakiri. Alinitazama kitambo, akauliza, "Hata mkate?" Nikasema mkate haukufaa, lakini haukuwa ndio uliowaua. Akauvuta mkebe akanipa.

Kosa la pili lilikuwa langu pia. Niliiacha taa ikiwaka kutoka asubuhi hadi habari za saa tatu usiku, na kufikia juma la tatu kioo kilikuwa na utelezi wa kijani. Saa nane kwa siku zinatosha. Tangu hapo binti ndiye mwenye swichi.

Mwalimu alikuwa na dawa ya matone ya kupimia amonia. Unachota maji kidogo, unadondosha, unangoja rangi. Mara ya kwanza maji yakawa kijani kibichi, dalili ya sumu. Baada ya majuma matano yakabaki manjano. Binti aliyapima tena siku iliyofuata kwa kutoniamini. Manjano. Ndipo tukaenda kununua samaki, duka jingine, wanne tu wa aina ya gapi, wote majike ili wasituzalie. Tuliuelekeza mkebe wao ndani ya tangi kwa dakika ishirini ili joto lilingane, tukawaongezea maji ya tangi kidogo kidogo, kisha tukawaachia.

Kwa kuwa Julai ya Nairobi haina huruma, tuliongeza kipasha maji cha wati 50. Stima ikipotea tunalifunika tangi kwa blanketi na hatuwalishi hadi irudi. Kila Jumamosi tunatoa robo ya maji na kutia mengine yaliyolala ndoo, na sponji tunaikamua katika maji yale yale tuliyoyatoa. Mama watoto huyamwagia sukuma wiki zake za kwenye balkoni, na anasema hajawahi kuona mbolea kama hiyo.

Kuhusu majike, niliaibika. Gapi jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, kwa hivyo aliyeondoka dukani alikuwa na siri yake. Kabla ya mwezi kwisha binti aligundua vijichembe vyenye macho vimejibanza katikati ya ule mmea wa mkia wa paka, vimejificha mama zao wasivile. Alihesabu kumi na kimoja.

Tangi la lita 54 haliwezi kuwalea wote. Walipokua kidogo, Mwalimu alipanda akaomba wanne. Binti aliwatia katika chupa ya jemu, akatafuta karatasi na gundi, akabandika ubavuni mwa chupa maandishi makubwa: MAJI YAMELALA SIKU MOJA. USIWAPE MKATE.