Umelipa Thao Mbili Kukimbia, Kilomita ya 17 Mathree Inakupigia Honi: Hizi Mbio za Nairobi Ni za Nani?

Wacha nikupeleke moja kwa moja hadi kilomita ya 17. Ni Jumapili, saa nne asubuhi, jua limeanza kuchoma shingo, na mimi niko katikati ya barabara kubwa nikikimbia nusu marathoni, namba imebandikwa kifuani na pini nne. Mbele yangu kuna pickup inaenda polepole. Nyuma yake vijana wawili wa reflekta wanaokota koni, moja, mbili, tatu, wanapanga moja juu ya ingine kama masufuria. Kidogo nasikia honi. Nageuka, ni nganya. Konda ananing'inia mlangoni, ananiangalia kutoka raba hadi kichwa, anasema: "Kipchoge, panda twende, ni mbao tu!"

Abiria wote wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, sitakudanganya. Halafu nikaruka kando kwa changarawe, juu ya pili ilikuwa inakuja na hiyo haikuwa na utani.

Sitataja ni mbio gani, na hata nikitaja haitasaidia, juu story ni ile ile. Tafuta msee yeyote anayekimbia kule nyuma, si wale wa kutoa picha na kurudi kwa gari kilomita ya 3, nasema wale wa kumaliza. Muulize kama ashawahi kumaliza mbio na barabara bado imefungwa. Utaona vile atakuangalia.

Mimi si mwanariadha. Nilidrop campus mwaka wa pili, nikapata hii job ya kuandika, na kuandika ni kukaa. Ukikaa miaka mitatu unakula chapo smokie saa nne usiku, suruali inakuambia ukweli ambao marafiki wako wanaogopa kukuambia. Ndio nikanunua raba za mtumba Gikomba, nikaanza kutoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, Umoja hadi Outer Ring na kurudi.

Kama unajua Outer Ring, unajua ilijengwa na njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, kabisa. Ukifika hapo asubuhi, hiyo njia ina nduthi zinapita kama ziko kwa barabara yao, kuna kibanda cha mahindi, kuna gari ya mtu imepakiwa, na kuna mamia ya watu wanatembea kwenda Industrial Area kutafuta kibarua. Hao ndio wanariadha wa ukweli wa hii city, wanapiga kilomita nane kila siku bila tishati ya mdhamini. Wewe ukijiita runner unajifinyilia katikati yao. Ukichoka kuwapita unashuka kwa lami. Na lami ya Nairobi haina huruma: NTSA ilihesabu watu zaidi ya 4,700 waliokufa barabarani nchini mwaka wa 2024, na kundi kubwa zaidi huwa ni wale wanaotembea kwa miguu, si madereva, si abiria.

Sasa hiyo ndio sababu watu kama mimi hulipa kukimbia. Wengine hufikiria tunalipia tishati na medali. Zii. Tunanunua masaa matatu ya barabara isiyo na gari. Wale walikuwa kwa Expressway Mei 2022, siku chache kabla magari ya umma hayajaruhusiwa kupanda, watakuambia ile feeling. Unakimbia juu ya Mombasa Road, chini hakuna wa kukupigia honi, juu ni wewe na upepo tu. Watu walilia, na si kwa uchovu.

Kwa hivyo barabara ndio bidhaa. Weka hiyo kwa akili, juu ndio inafanya nikasirike.

Rudi na mimi hadi asubuhi ya ile Jumapili. Fomu ilisema tunaanza saa moja. Saa kumi na mbili tumefika, tumesimama kwa foleni ya choo za plastiki, tumepasha misuli. Kuna msee wa aerobiki kwa jukwaa, anapiga kelele, sisi tunaruka. Saa moja ikafika. Tukaambiwa mgeni wa heshima yuko njiani. Msee wa aerobiki akarudi. Tukaruka tena. Saa moja na robo, mgeni yuko njiani. Nusu, bado yuko njiani, na ujue hii ni njia ambayo imefungwa kwa ajili yetu, sijui yeye alikuwa ameshikwa na jam gani. Saa moja na dakika arobaini hivi msafara ukaingia. Hotuba mbili, maombi moja, bendera. Saa moja na dakika arobaini na tano, twende.

Hapo hakuna mtu aliongea. Mimi pia nilikuwa nafurahi tu, nimeweka ngoma masikioni. Hesabu nilikuja kuifanya baadaye nikiwa kwa kitanda na barafu kwa goti.

Iko hivi. Barabara kuu haifungwi na mwenye mbio. KeNHA na polisi wanatoa notisi kwa umma, na hiyo notisi imeandikwa masaa: kutoka saa fulani hadi saa fulani. Siku yetu ilikuwa hadi saa nne. Mheshimiwa akichelewa dakika 45, saa ya kuanza inasukumwa. Saa ya kufungua haisukumwi. Karau ameambiwa saa nne, saa nne anafungua, na huwezi mlaumu. Kwa hivyo zile dakika 45 lazima zitoke kwa mfuko wa mtu. Haziwezi kutoka kwa mshindi, yeye anamaliza 21 kwa saa moja na dakika chache. Kabla ya saa tatu alikuwa ashaoga jasho, ashapigwa picha na ile hundi kubwa ya karatasi. Zinatoka kwa mtu wa masaa mawili na nusu. Zinatoka kwangu. Saa nne ilinipata kilomita ya 17, na kama tungeanza saa moja kamili, saa nne ingenipata nimekaa kwa nyasi nakula ndizi.

Halafu mbio zikishapata mshindi, zimeisha kwa kila mtu mwenye kamera. Mgeni ametoka. Mdhamini ameshapata picha yake. DJ anaanza kukunja nyaya. Kilichobaki kwa barabara ni watu mia kadhaa ambao hakuna mtu anawangoja, na hao ndio walilipa.

Na hapa ndio nataka tuelewane vizuri. Hizi mbio zetu ziko na watu wa aina mbili. Kuna mapro na wale wanataka kuwa mapro: vijana wanatoka Iten, Kapsabet, Nyahururu, wanapanda mathree usiku, wanalala mahali wanajua wenyewe, asubuhi wanakimbia kutafuta doh ya kumi bora. Hao nawaheshimu ile mbaya. Kwao hiyo ni kazi, na wengi wanarudi nyumbani bila hata nauli. Halafu kuna sisi. Mtu wa benki, mwalimu, msee wa nduthi, mathe wa kanisa, mbogi ya mtaa imevaa tishati zinafanana. Sisi ndio wengi kwa fomu za kulipia. Chukua mfano wa watu elfu moja kwa 21, kila mmoja thao mbili. Hiyo ni milioni mbili. Wale watagombania hundi hawafiki hamsini. Waliobaki wanalipia tanki za maji, wanalipia chipu, wanalipia hadi zile koni zinatolewa mbele ya macho yao.

Kilomita hizo za mwisho sikuwa peke yangu. Kulikuwa na mathe mmoja, ana miaka hamsini na kitu, amejifunga leso kichwani, anakimbia kwa kasi yangu tangu kilomita ya 11. Hatukuwa tumeongea. Nganya ya tatu ilipopita karibu sana, akanishika mkono akanivuta ndani ya changarawe. "Kijana, kuja huku. Medali haitakuzika."

Tukaanza kwenda pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, kwa ule udongo wa kando ya barabara. Nikamuuliza, mathe, mbona usipande ile basi ya kuokota watu? Akasema daktari alimwambia pressure iko juu, atembee. Akatembea. Akachoka kutembea, akaanza kukimbia. Hii ilikuwa 21 yake ya pili. Ile ya kwanza aliingizwa kwa basi kilomita ya 18 na hakutaka kusikia hiyo hadithi tena. Amelipa na pesa ya chama, na wamama wengine wanangoja picha.

Tulimaliza na masaa mawili na dakika hamsini kwa simu yangu. Ile lango ya hewa ya mstari wa mwisho ilikuwa imeanza kushuka, imeinama kama mtu amelewa. Maji hakuna. Medali, dada wa kwa meza akatuambia zimeisha, tuache namba tutapigiwa. Mathe akaandika namba yake polepole, na herufi safi za mtu aliyefundishwa na masista. Hadi wa leo hajapigiwa. Picha alipiga na ile lango imeinama, akanishikisha leso yake nimpepee.

Najua kuna mtu hapo anasema, buda, fanya mazoezi ukimbie haraka. Sisi Wakenya tuko na hii shida. Kipimo chetu cha kukimbia ni marehemu Kelvin Kiptum, 2:00:35, Chicago, 2023. Hiyo ni kilomita moja kwa chini ya dakika tatu, mara arobaini na mbili. Yeye akimaliza 42 yake, mimi niko kilomita ya 15. Nchi kama hii, mtu wa kukimbia polepole anaonekana kama mtu ameingia kanisa na slippers. Jirani ananiuliza kila mara, "Ulishika namba ngapi?" Nikimwambia 812, ananionea huruma.

Lakini enda uangalie huko ambako wakimbiaji wetu huenda kuchukua pesa. New York, mtu wa mwisho anaingia giza limeshaingia na bado kuna watu wanapiga makofi. London nao walikosea kama sisi: 2019, watu wa nyuma walilalamika kwamba wafanyakazi wa usafi waliwatusi na kuwaambia ni wanene, barabara ikioshwa wakiwa bado wanakimbia. Mwenye mbio hakunyamaza. Aliomba msamaha, na baadaye wakaleta kikundi cha kutembea nyuma kabisa, kazi yao ni moja, kuhakikisha hakuna mtu anaachwa peke yake. Hiyo haikuhitaji serikali. Ilihitaji mtu aamue kwamba wa mwisho pia ni customer.

Ukweli usemwe, kufunga barabara si mchezo. Kuna mgonjwa anapelekwa hospitali, kuna mtu wa kanisa, kuna dereva wa mathree anatafuta pesa ya mwenye gari, na yeye Jumapili yake imeshaharibika. Sisemi ifungwe hadi jioni. Nasema kama masaa ni matatu, tupewe matatu, bendera ipigwe saa moja hata kama ni mlinzi wa lango ameishika. Mheshimiwa akifika, atupungie mkono tukirudi. Ama wa polepole watangulie nusu saa mbele, mapro watatukuta njiani, na niamini, hakuna kitu tamu kama kupitwa na mtu anakimbia kama anaruka. Na koni za lane moja tu ya kushoto zibaki hadi mtu wa mwisho apite. Lane moja. Nganya itapita kulia, konda atatucheka akiwa mbali kidogo.

Na wewe ukitaka kulipia yako ya kwanza, usiulize tishati ni rangi gani. Uliza barabara inafunguliwa saa ngapi. Wakikosa jibu, hiyo ni jibu.

Wiki jana mathe alinitumia meseji. Kuna ingine inakuja na amelipia 21, mimi nangoja nini. Kabla nilipe nikapiga simu kwa namba iko kwa bango. Kijana akashika, mpole kabisa. Mbio zinaanza saa moja. Barabara inafunguliwa saa nne. Nikamuuliza mgeni wa heshima ni nani. Akataja jina, siwezi kuliandika hapa.

Nikampigia mathe nikamwambia hesabu: masaa matatu, sisi ni mbili na dakika hamsini, tuko na dakika kumi za ziada.

Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na huyo mheshimiwa huamka saa ngapi?"