"Mchungaji, Yesu Naye Atapungua?"



Jumamosi iliyopita tuliwawekea watoto wa shule ya Jumapili filamu ya katuni, Rise of the Guardians, ile iliyotoka 2012. Baadhi yenu mmenitumia ujumbe mkiuliza kwa nini kanisa la wokovu linaonyesha Baba Krismasi na sungura wa Pasaka. Swali ni la haki. Lakini mtoto mmoja aliniuliza gumu kuliko lenu.

Kwa ambaye hajaiona: Baba Krismasi, huyo sungura, anayekusanya meno ya watoto yaliyong'oka na anayeleta ndoto nzuri wanawalinda watoto wa dunia dhidi ya Pitch, bwana wa hofu na jinamizi. (Sisi meno yetu tulitupa juu ya paa, na hakuna aliyetulipa.) Shida yao ni moja: nguvu zao zote zinatoka kwa watoto wanaowaamini. Pitch anaharibu Pasaka, watoto wanavunjika moyo, na sungura aliyekuwa mrefu kama mpiganaji anageuka kisungura cha kubebwa mkononi. Anabaki mtoto mmoja tu anayeamini, Jamie.

Hapo binti wa miaka minane akanivuta shati. "Mchungaji, Yesu naye watu wakiacha kumwamini atapungua?"

Nilisema hapana, haraka haraka. Lakini usiku sikulala vizuri, maana nilijua swali limetoka wapi. Krismasi iliyopita tulimvalisha kijana wetu mmoja koti jekundu na ndevu za pamba, katika joto la Desemba. Binti huyu aliniuliza kama yule ni Baba Krismasi wa kweli. Nikamwambia ndiyo. Muda si muda akazitambua ndara za mjomba wake. Na kinywa hiki hiki ndicho kilichomfundisha kwamba kaburi la Yesu li tupu.

Filamu siilaumu. Jack Frost, shujaa wake, alizama kwenye barafu akimwokoa dada yake mdogo. Mzazi anaweza kuanzia hapo kumhubiria mtoto. Hata Nikolasi alikuwa mtu halisi, askofu wa Mira, nchi ya Uturuki ya leo. Ningemweleza habari zake bila kudanganya. Ninachokataa ni kumpanga Yesu mstari mmoja na viumbe wanaoishi kwa kuaminiwa.

Sisi wa Lamu, wa visiwani na wa bara, tunajua uzito wa jambo hili. Wapo kati yenu waliojificha gizani na watoto wao Mpeketoni, usiku wa Juni 15, 2014. Kuna ambao imani yao ilizimika usiku ule na haijarudi mpaka leo. Mungu anayeishi kwa imani yetu angekuwa amezikwa siku hiyo. Soma 2 Timotheo 2:13, polepole. Paulo anasema uaminifu wa Kristo hautegemei wetu.

Jana jioni nilikwenda kwao. Tukakaa barazani, mama yake akisikiliza. Nikamwambia, "Mwanangu, kuhusu yule mwenye ndevu nilikudanganya. Naomba unisamehe."

Akanitazama. "Na ile ya kaburi?"

"Ile sikukudanganya."

Akasema atafikiria, ataniambia Jumapili. Mniombee.