Kiunzi Kisiifiche Hifadhidata

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala iliyoeleza jinsi kumbukumbu nyingi zinavyoweza kupangwa katika majedwali yanayohusiana. Msingi wake ulikuwa nadharia ya seti, ambayo mwanafunzi wa sekondari huijua katika hisabati. Mwaka 1979 hifadhidata ya Oracle, iliyojengwa juu ya wazo hilo, ilianza kuuzwa. Hadi leo hifadhidata za namna hii hutunza hesabu za mabenki na orodha za wafanyakazi wa mashirika makubwa.

Mtunzi wa programu za tovuti siku hizi haanzi kazi bila kitu. Hutumia kiunzi, yaani mkusanyo wa programu zilizokwisha kuandikwa, kama vile Django, kilichotolewa kwa umma mwaka 2005. Mtunzi hueleza “mwanafunzi” au “shule” kwa lugha ya Python. Kiunzi hugeuza maelezo hayo kuwa maagizo ya lugha ya SQL na kuyapeleka kwenye hifadhidata.

Kwa sababu hiyo wapo wanaodai kwamba haifai tena kumsumbua mwanafunzi kwa majedwali na SQL. Rai hiyo ni potofu, na mifano miwili yatosha kuonyesha hivyo.

Kwanza, kwa Django maandishi matupu ni kitu kimoja, na NULL, yaani alama ya thamani isiyokuwapo, ni kitu kingine. Oracle huvihesabu vyote viwili kuwa NULL. Kiunzi hicho kinapounganishwa na Oracle, kila NULL kinayoisoma katika safu ya maandishi hukichukulia kuwa maandishi matupu. Basi mwanafunzi asiye na jina la kati, na yule ambaye jina lake la kati halijaulizwa, wataonekana sawa. Hakuna onyo litakalotokea, ila ukweli utakuwa umepotea. Ajuaye jambo hili huongeza safu nyingine ya kuonyesha kama swali limekwisha kuulizwa.

Pili, programu ikitakiwa kutaja wanafunzi 40 pamoja na shule zao, kiunzi huweza kutuma agizo 1 la kupata wanafunzi, kisha maagizo 40 ya kutafuta shule ya kila mmoja: jumla 41. Wakiwa 4,000, maagizo ni 4,001. Agizo moja linalounganisha majedwali mawili lingetosha. Django huweza kulitoa, lakini mpaka kiombwe; na haombi ila anayejua.

Ni kweli kwamba kijana huvutiwa na tovuti inayoonekana kuliko jedwali. Hata hivyo, mwalimu hana haja ya kuchagua kimoja na kuacha kingine. Na aanze na majedwali mawili karatasini, wanafunzi wayaunganishe kwa mkono. Kisha waandike agizo lile lile kwa SQL. Mwishowe watumie kiunzi, na kila mara wasome SQL kilichoitunga.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vyaundwa. Nyuma ya kila mstari wa jedwali yupo mtu anayengoja mshahara, cheti au dawa. Atakayekabidhiwa kumbukumbu za watu hao hana budi kujua chombo chake kilivyoundwa.